Chipu zipelekwe kwenye mionzi, au mionzi iletwe Mwanza?

Pale Makoroboi, hapa Mwanza, kuna fundi simu ambaye akipewa simu iliyoingia maji haulizi kitu. Anaigeuza bodi kwenye mwanga, anakuonyesha ukungu wa kijani kandokando ya chipu, kisha anawasha blowa. Nilimkumbuka juzi mpwa wangu, anayesoma uhandisi wa elektroniki, alipong'ang'ania kwamba Kanda ya Ziwa inahitaji taasisi ya nyuklia ya kupima vifaa vya elektroniki chini ya mionzi. Nilicheka. Baadaye nikaona hoja yake si ya kuchekwa.

Chembe moja yenye chaji ikipenya silikoni huacha mkia wa chaji za umeme, na ikipita palipohifadhiwa sifuri, sifuri inaweza kugeuka moja. Chipu haijaungua wala haina alama. Imesema uongo tu. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alikutwa na kura 4,096 za ziada kwenye kompyuta ya uchaguzi. Hiyo ni mbili kwa kipeo cha 12, yaani biti moja, ile sifuri au moja ya kompyuta, imegeuka. Kasoro ya programu haikupatikana, mionzi ya anga ikabaki mshukiwa mkuu. Juu kwenye obiti, zinakozunguka setilaiti, hatari ni kubwa zaidi, na jirani zetu wameshafika huko: Uganda na setilaiti yake PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, Kenya na Taifa-1 mwaka 2023. "Sisi tukirusha ya kwetu, Mjomba, ataipima nani?"

Swali zuri. Ila huku chini hali ni nyingine. Mwanza iko karibu na ikweta, ambako usumaku wa dunia huchepusha chembe nyingi za anga kuliko unavyofanya kwenye ncha za dunia. Taa za wavuvi wa dagaa haziuawi na chembe za anga, zinauawa na maji na chaji mbovu. Chumba cha kupimia vifaa kwenye joto na unyevu kingewafaa watu wengi zaidi, hata kama hakuna waziri atakayekuja kukikatia utepe.

Halafu hiyo "taasisi" inaweza kuwa na mitambo ya aina mbili isiyofanana hata kidogo. Saiklotroni, mashine ya kuzipa chembe kasi kubwa, inarusha protoni au ioni nzito. Ukizima umeme, mwale umekatika. Ni ghali, na inataka umeme usioyumba. Kobalti 60 haitaki umeme. Ni chuma kilichofungiwa ndani ya madini ya risasi, kinatoa mionzi ya gama usiku na mchana, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27. Kinaonyesha jinsi chipu inavyozeeka kwa dozi ya mionzi inayojilimbikiza, ingawa si kifaa cha kupima biti zinazogeuka ghafla. Kwa kuwa ndiyo rahisi, ndiyo itakayonunuliwa, na hapo ndipo ninapoogopa.

Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Delhi kilipiga mnada mtambo wa maabara uliokaa miaka mingi bila kutumika. Ndani mlikuwa na kobalti 60. Wanunuzi wa vyuma chakavu wa Mayapuri, hukohuko Delhi, wakaubomoa, watu kadhaa wakaumwa, mmoja akafariki. Nani Mwanza hajaona mkokoteni wa vyuma chakavu ukisubiri mizani?

Mpwa wangu alinijibu kwamba hospitali ya Bugando nako wanatibu saratani kwa mionzi, mbona silalamiki. Kweli. Lakini pale wagonjwa wapo kila siku, mashine haisahauliki. Kinachosahaulika ni maabara ambayo ufadhili wake umeisha. Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo wauza minofu ya sangara wanaijua kwa cheti cha mionzi, ingebaki kulinda chuma hicho kwa miongo.

Mimi ningeanzia kwingine. Maabara ya RADEF huko Jyväskylä, Ufini, inapima chipu za watu kwa saa za kulipia, na hata Shirika la Anga la Ulaya linaitumia. Unakwenda na bodi yako, programu ya kuhesabu makosa, na chipu iliyokwisha kubanduliwa kifuniko, kwa sababu ioni nzito nyingi huishia kwenye plastiki kabla ya kufika kwenye silikoni. Kubandua huko, mara nyingi kwa asidi, bila kuiua chipu, ni kazi ya mkono uliotulia, na inafundishika hapahapa kwa gharama ndogo.

Nikamwuliza bodi yake iko wapi, tuanze kuhesabu nauli. Akasema ipo, ila kwanza ana shida nayo kidogo: umeme ukitikisika tu, inajizima.