Tuwafundishe kupima taarifa kabla ya kupiga hesabu

Mwalimu wa Lubumbashi anayepokea pesa za kijana ili amtayarishe kwa GMAT, mtihani wa kuingia shule za biashara, kisha akaanza na fomula, anamchelewesha. Nasema hivyo nikijua kwamba wenzangu wengi hufundisha namna hiyo kwa nia njema. Wamesoma UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, hesabu wanaijua, na mzazi akiuliza mtoto amejifunza nini wiki hii, daftari lililojaa mahesabu linaonyesha kazi imefanyika. Lakini sehemu inayowaangusha vijana wetu siku hizi ni Data Insights, yaani sehemu ya kusoma na kupima data, na dawa yake haimo kwenye fomula.

Toleo la mtihani linalofanywa leo lilianza Novemba 2023, na lile la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Lina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu yenye maswali 21, lugha yenye maswali 23, na Data Insights yenye maswali 20. Zote tatu zina uzito sawa katika alama ya jumla, inayoanzia 205 na kuishia 805. Tangu 2012 kulikuwa na sehemu ya data inayofanana na hii, ila alama yake ilisimama peke yake, nje ya jumla. Kijana aliweza kuipuuza na bado akapokelewa shuleni. Sasa theluthi nzima ya alama yake imo humo. Na vitabu vinavyopitishwa kwa WhatsApp hapa mjini bado ni vile vya zamani, vyenye sura ndefu za jiometria, kusahihisha sentensi na kuandika insha, mambo matatu ambayo yote yameondolewa. Mtu anakesha akisoma kitu ambacho hakuna atakayemuuliza.

Kwa nini sehemu hii inatupiga hasa sisi? Nadhani ni kwa sababu ya jinsi tulivyosomeshwa. Anayetayarishwa kwa Examen d'État, mtihani wetu wa taifa wa kumaliza sekondari, anazoea swali linalokuja na kila kinachohitajika ndani yake, na majibu ya kuchagua chini yake. Kila namba iliyoandikwa imewekwa ili itumike. Mwanafunzi bora ni yule anayeiona njia haraka na kufika kwenye namba ya mwisho. Miaka sita ya sekondari inajenga mkono mwepesi sana, na mkono huo ni mali, siudharau. Ila Data Insights inampa kijana namba nyingi kuliko anazohitaji, au chache kuliko anazohitaji, halafu inamwachia aamue mwenyewe.

Chukua lile swali la utoshelevu wa data, ambalo zamani lilikaa kwenye hesabu na sasa limehamishiwa huku. Linauliza jambo, linatoa kauli mbili, na halitaki jibu la jambo lenyewe. Linataka useme kama kauli ya kwanza peke yake inatosha kulijibu, au ya pili peke yake, au zote mbili zikiunganishwa, au kila moja kivyake, au hata zote pamoja hazitoshi. Mimi hulifundisha kwa mfano wa soko la Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi.

Mama mmoja anauza unga wa bukari, na faida yake yote inatoka kwenye mifuko ya unga. Je, faida yake ya mwezi huu imezidi ya mwezi uliopita? Kauli ya kwanza: mwezi huu ameuza mifuko mingi zaidi kwa asilimia 20. Kauli ya pili: faida anayopata kwa kila mfuko imepungua kwa asilimia 15.

Karibu kila darasa jipya hunijibu kitu kimoja: «Mwalimu, hatujui aliuza mifuko mingapi, wala mfuko ni franka ngapi, kwa hiyo haiwezekani.» Na wale wenye hesabu kali ndio wanaolalamika zaidi, kwa sababu wanatafuta namba ya kuanzia. Lakini angalia. Kauli ya kwanza peke yake haitoshi, maana hatujui kila mfuko umempa nini. Ya pili peke yake nayo haitoshi. Zikiunganishwa, 1.20 mara 0.85 ni 1.02. Faida imepanda kwa asilimia 2, awe ameuza mifuko kumi au elfu kumi. Zote mbili pamoja zinatosha, na mwanafunzi hajajua hata franka moja ya yule mama.

Halafu nabadilisha kidogo tu. Kauli ya kwanza sasa inasema ameuza mifuko mingi zaidi kwa «zaidi ya asilimia 10». Ikiwa ni asilimia 11, 1.11 mara 0.85 haifiki 1, faida imeshuka. Ikiwa ni asilimia 30, imepanda. Kauli mbili zilezile zilizotosha dakika moja iliyopita sasa hazitoshi, kwa ajili ya neno moja. Hapo ndipo darasa linanyamaza na kuanza kusoma kweli. Nikipewa wiki tatu na mwanafunzi, wiki ya kwanza yote naitumia kwa maswali ya namna hii, na simruhusu kushika kalkuleta. Mtihani wenyewe unaiweka kwenye skrini katika sehemu hii peke yake, na kwa mtoto aliyezoea kukokotoa ni mtego: anapoteza dakika akitafuta desimali za jambo ambalo hakuulizwa.

Grafu na majedwali yanahitaji jicho lilelile, na hapa Katanga hatuna sababu ya kufundishia takwimu za maduka ya Chicago. Tunaishi juu ya data. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa sana ya kobalti hiyo inapita barabarani mbele ya macho yetu kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mnamo Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje, na kuanzia tarehe 16 Oktoba ikaweka viwango: tani 18,125 kwa muda uliobaki wa mwaka huo, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026. Chora nguzo mbili, moja ya 18,125 na nyingine ya 96,600, uwaulize wanafunzi kilichotokea. Watakwambia ruhusa imeongezeka zaidi ya mara tano. Jicho limeona nguzo ndefu, kalkuleta imethibitisha, na jibu ni bovu kabisa.

Nguzo ya kwanza ni ya miezi miwili na nusu. Gawanya: ni tani 7,250 kwa mwezi. Nguzo ya pili ni ya miezi kumi na miwili, sawa na tani 8,050 kwa mwezi. Na ukiifungua zaidi, ndani ya zile 96,600 kuna tani 87,000 za kiwango cha kawaida na tani 9,600 za akiba ya kimkakati. Gawanya 87,000 kwa 12 uone: 7,250 tena. Kiwango cha kawaida cha mwezi hakikubadilika hata kwa kilo moja. Mwanafunzi aliyelifikia jambo hili kwa akili yake mwenyewe hasahau tena kuuliza muda wa kila nguzo, wala mhimili umeanzia wapi, wala asilimia inayotajwa ni ya kitu gani.

Kuna jambo la lugha ambalo nalishikilia ingawa wengine hawakubaliani nami. GMAT inafanywa kwa Kiingereza, kwa hiyo wengi wanaona somo lote liwe la Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mimi nakataa. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa na kukulia kwa Kiswahili akilazimishwa kujifunza namna mpya ya kufikiri katika lugha yake ya tatu au ya nne, hutajua alipokwama. Je, hakuelewa hoja, au hakuelewa neno? Mimi naanza kwa Kiswahili. Anaeleza kwa sauti, kwa maneno yake, kwa nini kauli inatosha au haitoshi. Hoja ikishasimama, tunaivalisha Kiingereza, na kazi hiyo ya pili huwa nyepesi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa msamiati wa maswali haya ni mdogo na unajirudia.

Kati ya hatua hizo mbili tuna daraja ambalo nashangaa halitumiki. Mtihani wa Kifaransa wa kuingia shule za biashara, Tage Mage, una sehemu sita za maswali 15 kila moja, na mojawapo, Conditions minimales, ni utoshelevu wa data uleule: swali, kauli mbili, machaguo matano ya namna ileile. Kijana wetu anaweza kufanya mazoezi ya kutosha kwa lugha aliyosomea shuleni kabla ya kugusa Kiingereza. Na kama shule anazolenga ni za Ufaransa, huenda asihitaji hata kuhama mtihani. Angalizo moja: kwenye Tage Mage jibu lisilo sahihi linakata pointi moja, na kuacha wazi hakukati kitu. Kwenye GMAT kuacha maswali bila kujibu kunaumiza, kwa hiyo tabia ya kuacha wazi asihamie nayo.

Muda ni kama dakika mbili na robo kwa swali, na kuna maswali yenye vipengele vitatu ambavyo ukikosa kimoja unapoteza vyote. Kwa hiyo kijana ajue mapema swali gani la kukata tamaa nalo, ajibu kwa kukisia na kuendelea. Mtihani unaruhusu kurudi mwishoni na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu kwa kila sehemu, basi aweke alama kwenye yale yenye matumaini, si kwenye yote yaliyomtisha.

Naandika haya kwa sababu ya pesa pia. Familia zinajinyima. Ada ya mtihani peke yake ni mamia ya dola, na juu yake mwalimu wa ziada analipwa kwa saa, kwa dola, na mtu ambaye mshahara wake huenda haujatoka. Vijana ninaowaona ni wahasibu na wahandisi wanaofanya kazi migodini Likasi na Kolwezi, wanaoandaa majedwali ambayo wengine wanayasoma mezani na kuyaamulia. Natamani sana wakae kwenye meza hiyo wao. Wana akili ya kutosha, na wengi wao wana nidhamu kunizidi.

Basi mzazi, au wewe kijana unayejilipia, kabla hujatoa hata dola moja mwambie mwalimu akuonyeshe somo lake la kwanza la Data Insights. Muulize anatumia toleo gani la mtihani. Muulize kama ameshafanya na wanafunzi wake ile mitihani miwili ya mazoezi ambayo GMAC, wenye mtihani, wanaitoa bure kwenye tovuti yao, au anauza nakala za zamani. Mpe swali la mama wa unga, lile la «zaidi ya asilimia 10», umsikilize anavyolieleza. Akikimbilia kuandika x na y ubaoni kabla ya kuuliza kama kauli zinatosha, mshukuru kwa heshima, uende kwa mwingine.