Mzigo usije ukalala mpakani

Assalaam alaykum. Hii habari ya reli ya umeme kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi nimeisoma mara mbili na mie naiunga mkono kabisa, lakini suali langu mzigo je? Maana nauli za abiria peke yake hazilipi deni la reli. Wenzetu Kenya walijenga kutoka Mombasa kwa mkopo wa China, 2019 wakafika Suswa karibu na Naivasha pesa ikakata, Uganda ikangoja weee mpaka 2024 ndo ikasaini na kampuni ya Kituruki iijengee reli yake.

Mie nilivuka na boti kutoka Zanzibar nikapanda treni Dar mpaka Dodoma, chai kwenye kikombe haikutikisika, raha wallahi. Lakini kabla ya hapo bandarini nilisimama masaa mawili na mabegi yangu ya vitenge, karatasi ile ile naulizwa mara tatu, na hiyo nchi moja jamani! Sasa treni ikimbie kilomita 160 kwa saa halafu behewa lilale mpakani linangojea mhuri, mfanyabiashara si atarudi kwenye lori? Huo mhuri waumalize sasa hivi, karatasi moja Dar mpaka Musongati, wasingoje reli ifike.