Jina Lake Tairi

Kosa la kwanza ni langu, sitamsingizia fundi. Tairi la mbele la pikipiki yangu lilichanwa na bati pale Mwanakwerekwe, Unguja, na badala ya kununua jipya nikamwambia kijana wa pancha atie kiraka kwa ndani. Akakata kipande cha tairi la lori, kinene kama ulimi wa ng'ombe, akakigandisha kwa gundi upande ule ule wa nozeli, pale pa kutilia upepo. Nikalipa, nikajiona mjanja.

Mjini sikuona tatizo. Nani apate mwendo kutoka Darajani mpaka Kikwajuni? Kasheshe ilianza Ramadhani, siku niliyoalikwa kufuturu ukweni Makunduchi. Kilomita 60 na ushei, nami nimechelewa kutoka kazini. Nilipopita Tunguu nikaongeza moto. Hamsini, shwari. Sitini, usukani ukaanza kunong'ona. Sabini, lo! Utadhani nimeshika mashine ya kukunia nazi. Nikitazama kioo, daladala moja iliyo nyuma yangu naiona nne, na zote zinanipigia honi. Nikirudi hamsini panatulia. Nikitazama jua linavyozama, napanda tena sabini.

Nilifika na adhana. Baba mkwe akanipa mkono, na mkono wangu ukaendelea kutikisika ndani ya wake hata pikipiki ikiwa imezimwa.

"Saumu imemkaba," akasema mama mkwe. "Mpeni tende."

Tende ikaniponyoka. Nikapewa uji wa pilipili manga. Vidole vimekufa ganzi, kikombe kinalia titititi juu ya kisahani. Nikajikaza kukinyanyua kwa heshima, mikono miwili. Nusu ya uji iliishia kwenye kanzu ya baba mkwe, ile nyeupe ya tarawehe.

Kimya. Kisha bibi mmoja jirani, anayesifika kwa mambo ya pepo, akaweka chini andazi lake.

"Huyu kapandwa."

"Bibi, Ramadhani mashetani si hufungwa?" shemeji akauliza.

"Huyu kakata mnyororo."

Chetezo kikaletwa, ubani ukafuka, nikafunikwa kanga kichwani. Bibi akanisogelea sikioni. "Wewe nani? Taja jina lako."

"Bibi, ni tairi!" nikasema huku nakohoa.

"Tairi nani?"

"La mbele!"

Nikamsikia anawaambia wenzake kwamba hilo kabila hajapata kulisikia, huenda limetoka bara. "Haya, Tairi, wataka nini ushuke?"

"Nataka fundi!"

"Fundi ndiye mimi."

Hapo nilikata tamaa. Nikanywa kombe zima, yale maji yaliyooshewa dua iliyoandikwa kwa zafarani, mpaka tone la mwisho, na bahati nzuri wakati ule ganzi ilikuwa imeanza kutoka yenyewe. Nyumba nzima ikashusha pumzi.

Baba mkwe hakusema neno. Ni mvuvi, maneno huyaweka akiba. Alibadilisha kanzu, akaenda kuswali, aliporudi akanivuta uani. Tuliiegemeza pikipiki kwa kigogo cha mnazi chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaninginia, akalegeza breki isikwaruze, akalizungusha taratibu. Likasimama nozeli chini. Akazungusha tena. Nozeli chini. Mara ya tatu, vile vile, kama nanga.

"Mzito hukaa chini," akasema. "Una nini humu ndani?"

Nikamweleza habari ya kiraka. Hakucheka, jambo lililoniumiza zaidi. Akaingia ndani akatoka na kikapu cha mishipi, akafungua chubwi moja ya risasi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, akaifunga kwenye spoku upande wa pili, mkabala na nozeli. Bado. Akaongeza ya pili, akaongeza na kijichubwi cha kuvulia samaki aina ya changu, mpaka gurudumu likawa linasimama popote unapoliacha. Akazikaza kwa nailoni na vipande vya tyubu kuukuu.

Asubuhi nilipita dukani nikaomba mizani, nikapima chubwi nyingine zilizo sawa na zile: zote pamoja gramu 60. Gramu 60 tu, kama yai moja! Lakini gurudumu la inchi 17 kwenye mwendo wa 70 huzunguka mara kumi na ushei kila sekunde, na uzito huo mdogo pale kwenye rimu huvuta kama kilo sita, mara juu mara chini. Nilirudi Mjini kwa sabini hiyo hiyo, daladala kwenye kioo ni moja.

Siku ya Idi nilikwenda tena, safari hii na tairi jipya, limebalansiwa gereji. Bibi akainama akalitazama gurudumu.

"Chubwi zake ziko wapi?"

"Nimezitoa, bibi. Sizihitaji tena."

Akarudi nyuma hatua mbili, akamgeukia mama mkwe. "Roweka zafarani."