Balozi zetu zipewe fungu la matengenezo

Majuzi nilikwenda kubadilisha pasipoti kwenye ubalozi wetu mmoja huku Ulaya. Dada aliyepokea fomu zangu alikuwa amevaa koti zito na glavu, naye yumo ndani ya ofisi yake. "Pole, mdogo wangu," akaniambia, "boila ya kupasha joto imekufa. Barua tulishaandika Dodoma." Hasira niliyotoka nayo pale bado ninayo.

Habari za majengo ya balozi tunazisikia wakati wa kununua tu. Profesa Costa Mahalu, aliyekuwa balozi wetu Italia, alifikishwa mahakama ya Kisutu mwaka 2007 kwa ununuzi wa jengo la ubalozi Roma, Rais mstaafu Mkapa akaja kumtolea ushahidi, na mwaka 2012 akaachiwa huru. Wakenya nao walikuwa na sakata la jengo la ubalozi wao Tokyo, hadi Waziri wao wa Mambo ya Nje, Wetang'ula, akakaa pembeni mwaka 2010. Sawa, ununuzi uchunguzwe. Lakini ni nani amewahi kuulizwa kwa nini paa liliachwa livuje mpaka dari likaoza? Hiyo nayo ni hasara ya mali ya umma.

Ibara ya 22 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 inawazuia maofisa wa nchi mwenyeji kuingia ubalozini bila ridhaa ya balozi. Jirani akiwa na nyaya mbovu, mkaguzi wa majengo wa mji atamgongea mlango. Kwetu hagongi. Kinga hiyo ni haki yetu na naitetea, ila maana yake ni kwamba tusipojikagua wenyewe hakuna atakayetukagua.

Na baridi haisubiri majibu ya barua. Nyumba isipopashwa joto, maji huganda ndani ya bomba, yanatanuka, yanalipasua. Barafu ikiyeyuka, maji yanamwagika ukutani na sakafuni. Kazi ya fundi mmoja wakati wa vuli inageuka kazi ya mkandarasi ifikapo Machi. Miaka ikipita nyumba haikaliki, watumishi wanahamia ya kupanga, na tunalipa pango kwa fedha za kigeni huku nyumba ni yetu. Taarifa za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimeshataja mara kwa mara majengo chakavu na viwanja vilivyokaa bure.

Najua zahanati zinahitaji dawa, na siwezi kubishana na mama anayesema hivyo. Lakini pango linalipwa tayari, na linatoka kwenye hazina hiyo hiyo.

Kila ubalozi uwe na fungu lake la matengenezo ambalo halihamishiwi safari wala semina, na ofisa aliyeko huko aruhusiwe kumwita fundi siku hiyo hiyo, risiti zifuate. Balozi anayeondoka amkabidhi mwenzake taarifa ya mhandisi: hali ya paa, nyaya, mabomba. Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama izidai taarifa hizo, jengo kwa jengo, kabla ya kupitisha bajeti ijayo ya wizara.