Sikukimbizwa na tembo

Jamani, acheni kunitumia picha za tembo. Sikukimbizwa na tembo. Huyo swahiba aliyewasimulia alikuwa anakoroma, hakuona kitu, na nusu ya masaibu haya yametokana na kiuno chake.

Mnajua nilivyojipanga kwa ile safari ya kupiga kambi Ngorongoro. Wenzangu walibeba vile vigodoro vya sponji vya kuviringisha, nikawacheka. Kambi ndefu vile, mtu wa Temeke nilale juu ya kitu chembamba kama chapati? Nikabeba godoro la upepo, futi tano kwa sita, na slipingi begi jeupe la mitumba, lile linalobana kuanzia miguuni mpaka kofia. Muuzaji aliapa kwamba lilitoka kwenye theluji Ulaya.

Sasa, Simba Campsite ya Ngorongoro iko juu kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200, na ilikuwa Julai. Godoro tulilijaza jioni, jua bado lipo. Likakaza, watu wakaja kupiga nalo picha. Usiku upepo wa ndani ukapoa, godoro likanywea. Swahiba, tuliyelala naye juu ya godoro hilo, akigeuka huku, mimi narushwa juu. Akigeuka kule, mgongo wangu unagonga ardhi. Na hewa iliyobaki humo ilikuwa baridi tupu, inaninyonya joto kwa chini. Wale wa sponji? Kimya. Wanaota.

Karibu na alfajiri kibofu kikaita. Zipu ikagoma. Ilikuwa imekula kitambaa cha ndani, hapa kooni, na mikono yangu yote miwili imo humo humo.

“Oya, nifungulie.”

Swahiba, macho yamefumba: “Pita tu, mlango uko wazi.”

Tenti nikaifungua kwa meno. (Nyie mlioanza kucheka, ngojeni kwanza.) Pale hakuna uzio, na mwongoza watalii wetu alishatuonya: usiku usitoke bila kumulika, utafute macho ya wanyama kwanza. Mimi mtiifu. Nikaing'ata tochi mdomoni, nikaanza safari ya chooni kwa kuruka. Ruka, pumzika. Ruka, pumzika. Mwanga unapanda mbinguni, unashuka kwenye nyasi. Pundamilia mmoja aliinua kichwa, akanitazama muda mrefu, akaendelea kula. Huyo ndiye pekee aliyenielewa usiku ule.

Njia inapita jikoni. Mpishi alishaamka, anakoroga uji. Akageuka.

Jiwekeni kwenye nafasi yake. Giza, ukungu, halafu kitu cheupe, kirefu, kimefungwa mpaka kichwani, hakina mikono, kinamjia kwa kuruka, na mdomoni kinatoa mwanga.

Nikataka kumtuliza. “Ni mimi, kaka!” Kwa tochi mdomoni ikatoka: “Mmm-hmm, hahaa!”

Mpishi akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Akakosea, akarudia mwanzo. Mimi, kwa ustaarabu tu, nikaruka hatua moja mbele ili anione sura. Akapaza sauti. Nikaruka nyingine. Hapo dua ikakatika, upawa ukanyanyuka taratibu, nikauona unakuja huku unamwaga uji njiani, nikashindwa kuinua mkono kwa sababu mkono wenyewe sina, ukatua katikati ya paji la uso. Paa!

“Maiti imevunja sanda!” akapiga kelele, akatimua mbio. Nami nikamfuata, maana ndiye aliyekuwa na kisu cha kunikatia zipu. Pundamilia nao wakakimbia. Swahiba ndipo akatoa kichwa, akaona vumbi, akatangaza tembo.

Basi. Zipu ikakatwa, mpishi akaninunia, nikalala juu ya sponji ya kuazima mpaka kambi inavunjwa. Kibofu kilipoishia msiniulize.

Slipingi begi naliuza. Zipu halina, ila limefuliwa.