Siku Niliyoingia Tumboni mwa Kinanda

Mimi si fundi, na hilo lijulikane mapema. Kazi yangu pale roshani ya kanisa ilikuwa kufungua kurasa. Mwalimu wa kinanda akitikisa kichwa, nafungua. Asipotikisa, natulia. Miaka minne niliifanya kazi hiyo bila lawama (ile siku ya harusi nilipofungua kurasa mbili kwa mpigo hatuihesabu, maana bibi harusi alifurahi kufika mapema).

Kinanda chenyewe kilikuwa cha mabomba, siyo hivi vya kuchomeka ukutani ukaanza kupiga. Kilikuwa na mabomba elfu moja na ushee. Refu kuliko yote lilikuwa la mbao, karibu mita 5, na dogo kuliko yote halikuzidi penseli. Yale yanayong'aa mbele, ambayo watu hupenda kupigia picha, mengi yalikuwa pambo tu, hayajawahi kutoa hata mluzi. Yanayofanya kazi yalifichwa nyuma, gizani, kwenye vumbi. Kama ofisi nyingi ninazozijua.

Jinsi kinavyolia si siri. Feni ya umeme inajaza upepo kwenye mivukuto ya ngozi. Ukibonyeza kitufe, kijiti chembamba cha mbao kinavuta kilango chini ya bomba, upepo unapanda, bomba linalia. Ukiachia, springi inarudisha kilango, kimya. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa chetu, springi zilikuwa zimechoka na ngozi imepasuka kama kisigino, hivyo ukiachia kitufe, kilango kilirudi kikijisikia.

Ndiyo maana wazee wa kanisa wakaamua, baada ya vikao ambavyo sitavisimulia, kinunuliwe kipya, cha mabomba vilevile, na yale ya zamani ambayo bado ni mazima yahamishiwe humo. Mafundi wangekuja Jumatatu kukifungua. Jumapili yake ikatangazwa ibada ya kukiaga.

Kikaagwa kwa heshima. Mahubiri yalikuwa mazuri, hata wanaosinziaga hawakusinzia. Mwishoni mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "Sasa tukae kimya dakika moja." Kanisa zima likanyamaza. Na hapo, bila mkono wa mtu yeyote, kinanda kikasema:

Tiiiiiiiiiiii.

Mwalimu akanyanyua mikono yote miwili juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Akanitazama. Nami nikanyanyua yangu, ingawa hakuna aliyenishuku.

Dawa ya kawaida ni kusukuma ndani kile kishikizo cha kuchagulia sauti, safu nzima ya mabomba hayo inafungwa. Lakini safu ile, ya mabomba madogo yenye sauti kali ya juu, ilikuwa imekwama wazi tangu mwaka uliopita. Ilipigwa kwenye kila wimbo, uwe wa furaha au wa msiba. Kuzima feni nako tulishajaribu siku moja. Upepo haukatiki ghafla. Unaisha polepole na nota inashuka nao, inalegea, inakoroma, mpaka inakata roho. Watoto wawili walitolewa nje wakilia, na mchungaji akatuomba tusirudie tena.

"Ingia ndani," Mwalimu akaninong'oneza. "Lichomoe."

"Lipi, Mwalimu?"

"Si linalolia, kijana!"

Nikainama, nikapenya kale kamlango ka pembeni, nikawasha tochi ya simu. Mabomba yalisimama safu kwa safu. Nota niliijua, kwa hiyo nikahesabu kama unavyohesabu vitufe, kushoto kwenda kulia, moja baada ya nyingine. Kumbe wenzangu waliokijenga hawakupanga hivyo. Nota zilikuwa zimegawanywa mafungu mawili, moja inakaa kushoto, inayofuata inakaa kulia, zinarukana hivyo hivyo mpaka mwisho, ili uzito usilemee upande mmoja. Mimi sikujua. Nikachomoa la kwanza. Tiiiiii. La pili. Tiiiiii. Kufikia la sita nilikuwa nimeyashika kifuani kama bibi harusi na shada lake, na kinanda bado kinapiga kelele.

Nikakumbuka kwamba bomba linalolia ukiligusa mdomo kwa kidole, sauti yake hubadilika. Nikaanza kupapasa midomo. Nilipolifikia lenyewe, likashuka: tiiiii-uuuuu. Nikaondoa kidole: uuuuu-iiiii. Nikarudisha, kuhakikisha. Halafu mara nyingine, maana nilitaka kuwa na hakika. Nimesimuliwa baadaye kwamba dakika ya kimya ilikuwa imeshatimiza dakika 5, na huko chini wapo waliokuwa wanatazama dirishani kuona kama kuna gari la wagonjwa.

Nikalichomoa. Halikuzidi urefu wa kiganja. Kimya kikatawala, nami nikatabasamu peke yangu gizani kama mwendawazimu.

Ila tundu lililobaki liliendelea kutema upepo, na upepo wa mivukuto ya kizee una vumbi la kizee. Likanipuliza pua zote mbili. Sasa, sanduku lile la mbao limejengwa makusudi ili sauti itoke kubwa. Nilipopiga chafya, likafanya kazi yake. Sauti ya mtu chini ikaitikia, "Amina."

Nikaliziba tundu kwa leso. Hapo ningetoka tu, mambo yangeisha vizuri. Lakini nilikuwa na mabomba sita mkononi na wimbo wa kufungia unakaribia, nikaona si ungwana kumwachia Mwalimu kinanda chenye mapengo. Nikayarudisha. Yote yalikaa bila ubishi, tundu halimwulizi bomba jina lake. Nilipoweka la sita ndipo tochi ikamulika herufi za nota zilizochorwa kwa ncha kwenye kila bomba: F, G, A. Kumbe jina lake linaandikwa mwilini tangu linapotengenezwa! Nikanyoosha mkono nianze upya, na Mwalimu akaanza wimbo.

Bomba la mita 5 ukiwa umekaa pembeni yake hulisikii kwa masikio, unalisikia kwa meno. Hata hivyo nilichokuwa nakisikia vizuri zaidi ni kazi ya mikono yangu. Chini kote wimbo unakwenda sawasawa, huku juu kabisa kuna sauti kali inayoimba kitu chake, kama mgeni aliyeingia kanisa siyo lake na anaona aibu kutoka. Ubeti wa kwanza waumini walikaza. Ubeti wa pili soprano wakagawanyika, wengine wakamfuata Mwalimu, wengine wakanifuata mimi. Ubeti wa tatu Mwalimu aliamua haupo.

Nilitoka nimepauka vumbi mpaka kope, macho mekundu, yanachuruzika machozi. Mzee mmoja wa kanisa akanishika bega kwa huruma. "Pole sana, mwanangu. Kweli ulikipenda."

Nikainamisha kichwa. Sikuona haja ya kumsahihisha mzee.

Mafundi wakaja, wakakifungua kipande kwa kipande, kila bomba likafungwa kwa karatasi. Kipya kilipofika, waliketi nacho wiki kadhaa wakirekebisha mabomba moja moja mpaka yasikilizane. Muda wote huo tuliimba bila kinanda, na majoho ya roshani yalikaa kabatini.

Siku ya uzinduzi tukayavaa. Kabla ya wimbo wa kwanza, mwenyekiti wa kamati akasoma taarifa. Akashukuru. Akasema mabomba ya zamani yalihesabiwa yote na likakosekana moja, dogo, ikabidi litengenezwe jipya kwa gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti. Akaongeza kwamba, kwa kuwa ndani ya kinanda kulikutwa kiota cha panya, kamati imejiridhisha ni panya.

Nikatia mkono mfukoni mwa joho kutafuta leso. Vidole vikagusa kitu cha baridi, urefu wa kiganja.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anautazama mfuko wangu. Akatikisa kichwa.

Nikafungua ukurasa.