Meli za mvuke kwenye mito ya nyanda za Kanada: zilishindwa kweli?

Hukumu ya kawaida juu ya meli za mvuke kwenye nyanda za majani za Kanada ni fupi: zilidumu miaka michache, zikakwama kwenye mafungu ya mchanga, reli ikazifuta. Ina ukweli, lakini inachanganya mito miwili isiyofanana, Red na Saskatchewan.

Mto Red hutoka Marekani na kutiririka kaskazini hadi Ziwa Winnipeg. Wafanyabiashara wa Saint Paul, Minnesota, waliahidi zawadi ya fedha kwa atakayetia humo meli ya mvuke. Majira ya baridi ya 1859 meli moja ilifumuliwa upande wa Mto Mississippi, mitambo yake ikakokotwa na wanyama juu ya theluji, ikaundwa upya. Juni mwaka huo, kwa jina la Anson Northup, ikafika Fort Garry, palipo Winnipeg leo. Kabla yake, bidhaa za Saint Paul zilipita nchi kavu kwa mikokoteni ya ng'ombe, safari ya wiki kadhaa. Kwa mkulima aliyengoja jembe na unga, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa.

Ila unafuu haukumfikia kila mtu. Katika miaka ya 1870 wafanyabiashara wa usafirishaji Norman Kittson na James J. Hill, pamoja na Kampuni ya Hudson's Bay iliyofanya biashara ya manyoya, waliungana, wakaushika mto. Wafanyabiashara wa Winnipeg walipochoshwa na gharama za usafirishaji, mwaka 1875 walianzisha kampuni yao; haikuchukua muda ikanunuliwa na wakubwa hao. Hapo mimi silaumu mashine, nalaumu waliohodhi. Na Oktoba 1877 ilikuwa meli, Selkirk, iliyoleta Winnipeg kichwa cha kwanza cha treni, Countess of Dufferin, kikiwa juu ya tishari. Reli ya kutoka Minnesota ilipofika Desemba 1878, kazi ya meli mtoni ilianza kunyauka. Siwezi kuiita hiyo kushindwa.

Mto Saskatchewan ni habari nyingine. Meli ya Northcote, ya Kampuni ya Hudson's Bay, ilianza kazi 1874 na mwaka uliofuata ikafika Edmonton, lakini mto wenyewe ulikuwa mkaidi. Kina hupungua kiangazi kikiisha, mafungu huhama, na barafu hufunga njia karibu nusu mwaka. Pale Grand Rapids maporomoko yalilazimisha kila shehena kushushwa. Kampuni ikajenga reli ndogo ya kukokotwa na farasi ili kuvuka. Meli iliyopwelewa wiki nzima hula mishahara bila kuingiza kitu.

Kwa nini basi kampuni iling'ang'ania? Mashua za York, mashua kubwa za mbao ilizotumia kubebea mizigo, zilihitaji wapiga makasia wengi, nao walikuwa wameanza kugoma na kudai haki. Mvuke uliahidi mikono michache. Wengi wa watu hao, pamoja na waendesha mikokoteni, walikuwa Wamétis, jamii yenye asili ya wenyeji na Wazungu, na ajira hiyo ilikuwa nguzo ya nyumba zao. Gharama hii ndiyo nzito kuliko zote, na haionekani katika hesabu za tani na nauli. Mei 1885, Wamétis walipoiasi serikali ya Kanada nayo ikaitumia Northcote kama meli ya kivita dhidi yao huko Batoche, Wamétis waliishushia kamba ya kivuko, ikang'oa dohani zake, nayo ikachukuliwa na maji hadi nje ya mapigano.

Kibiashara, basi, Mto Red ulilipa na Saskatchewan haukulipa. Kwa Wamétis, yote miwili iliwapunguzia riziki.